Uji wa Bi Biasha

Siku nilipomwona Bi Biasha kwa mara ya kwanza alikuwa anamtukana binti yake mbele ya watu. Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto, zahanati ya Mbwera, kule kwenye delta ya mto, mwaka 2018. Mimi nilikuwa muuguzi mgeni pale, sina hata miezi miwili tangu nihamishwe kutoka Mohoro kwetu. Kina mama walijaa kwenye mabenchi, waliokosa nafasi wamekaa chini wameegemea ukuta, watoto mapajani, kadi mikononi. Binti mwenyewe, Zawadi, alikuwa na miaka ishirini na mmoja, tumbo la miezi saba, na kabeba mtoto wa kike wa mwaka mmoja na miezi tisa aitwaye Rukaya.

"Nilikwambia! Nilikwambia umsubiri mtoto akue, hukusikia!" Bi Biasha alikuwa anasema, na sauti yake nene ilifika mpaka nje. "Miraji anarudi toka dago siku mbili tu, na wewe huwezi kungoja. Sasa mtazame mwanao. Mtazame!"

Miraji alikuwa mume wa Zawadi, mvuvi. Wavuvi wa huko huhamia kambini miezi na miezi, ndiko huko dago, na nyumbani huja kama wageni.

Nilimvua Rukaya nguo. Miguu ilikuwa imevimba. Nilipobonyeza juu ya unyayo palibaki kishimo. Nywele zilikuwa nyepesi, rangi ya kutu, na ngozi ya mapaja inabanduka. Hakulia, hata nilipomgusa mdomoni penye vidonda. Hilo lilinitisha kuliko miguu.

Jirani yao, mama mmoja mwembamba aitwaye Salama, ndiye aliyelitamka lile neno. "Huyo kabemendwa, nesi. Dawa yake si ya hospitali."

Kwetu pwani mtoto akidhoofu namna ile huku mama yake ana mimba nyingine, watu husema kabemendwa, yaani wazazi wamekutana kabla hajaacha ziwa na uchafu wao umemwingia. Ni neno baya. Mwanamke akishabandikwa, halimtoki. Zawadi aliinamisha uso, machozi yakamdondokea mtoto, na mama yake hakumtetea. Aliongeza.

"Mama," nilimwambia Bi Biasha, "mtoto huyu kapungukiwa chakula. Ziwa kaachishwa ghafla, na alichopewa badala yake hakimtoshi. Hakuna lingine."

Alinigeukia. "Chakula? Mimi? Nesi, njoo nyumbani kwangu uone magunia ya mpunga. Hakuna mtu aliyelala na njaa ndani kwangu tangu nizaliwe."

Na kweli hakuna. Nilikuja kuliona baadaye. Lakini siku ile sikuwa na muda wa kubishana. Niliandika rufaa ya kwenda Kibiti. Zawadi kwa tumbo lile asingeweza kulala sakafuni wodini, kwa hiyo akaenda bibi. Nilipanda nao boti, tukafika nchi kavu, tukakodi pikipiki, nikamkabidhi mtoto hospitali na kurudi kazini. Njia nzima Bi Biasha alimfunika Rukaya kwa upande wa kanga asipigwe na jua, akatazama mbele.

Yaliyotokea wodini alinisimulia mwenyewe, tena mara nyingi, kama mtu anayesoma makosa yake. Siku ya tatu, muuguzi mmoja mtu mzima alikaa naye huku wakimnywesha Rukaya maziwa ya dawa kwa kijiko.

"Nyumbani anakula nini, bibi?"

"Uji wa mchele."

"Na nini?"

"Na sukari."

"Na nini?"

Hapakuwa na kingine. Muuguzi akaendelea na kijiko chake. Halafu akasema pole pole, bila kumkaripia: "Ninyi wa delta mnanishangaza. Mna samaki, mna kamba, mna nazi, mna kunde. Mtoto mnampa maji meupe."

Siku ya kumi na mbili uvimbe uliisha, Rukaya akacheka. Bi Biasha aliniambia kwamba kicheko kile ndicho kilichomvunja. Kama mtoto angekuwa amebemendwa, maziwa yasingemponya. Na kama maziwa yamemponya, basi yeye alimtukana binti yake bure, mbele ya kijiji kizima.

Walirudi baada ya siku ishirini. Nyumba ilikuwa imefungwa. Zawadi alikuwa ameondoka kwenda kwa shangazi yake Ikwiriri, na maneno aliyoyaacha yaliletwa na Salama: "Kasema mtoto anakuachia wewe, mama mwema. Yeye ni muuaji."

Bi Biasha alikwenda Ikwiriri mara mbili. Mara zote mbili shangazi mtu alimpokea mlangoni, akampa maji ya kunywa, na Zawadi hakutoka chumbani. Alijifungua mtoto wa kiume, Saadi, na bibi yake alipata habari kwa simu ya mtu mwingine.

Wakati ule Bi Biasha alikuwa na miaka arobaini na minane, mjane, mkulima wa mpunga kama wenzake wote. Kusoma alisoma mpaka darasa la nne. Nasema haya kwa sababu baadaye watu walizoea kumwita mtaalamu, na yeye alichukia. Alichokuwa nacho ni mtoto wa kulisha, na woga.

Ugumu wenyewe ni huu. Mpunga ukianza kutoa masuke, familia huhamia shambani. Wanajenga dungu, kibanda cha juu ya miti, na kuanzia alfajiri mpaka jua kuzama wanaamia ndege, kuwafukuza kwa makelele na kwa kuvuta kamba za madebe. Mama hana saa ya kuchemsha kunde. Anapika uji mara moja asubuhi, na mtoto anaupata wa moto, kisha wa vuguvugu, kisha wa baridi. Samaki wa maana na kamba wakubwa huchukuliwa na wanunuzi wenye barafu kabla hawajafika jikoni. Anayelaumu kina mama wale hajawahi kulala kwenye dungu.

Bi Biasha alitaka unga. Kitu kikavu cha kubeba, cha kuiva upesi kwa kuni chache, chenye kila kitu ndani yake. Alianza na chenga, ule mchele uliovunjika ambao hauna bei, akaukaanga mkavu mpaka ukawa na rangi ya dhahabu, akautwanga. Uji wake uliiva haraka kuliko wa mchele mbichi. Hapo alifurahi. Akakaanga kunde, akazikoboa, akatwanga, akachanganya. Halafu akaja kwa samaki.

Kwenye nyavu huingia vidagaa vidogo ambavyo hakuna anayevinunua. Wavuvi huviacha ufukweni vikaliwa na kunguru. Aliviokota, akavikausha, akavisaga. Uji ulinuka shombo hadi nyumba ya tatu. Rukaya aliutema. Alijaribu kuviosha kwa ndimu, bado. Akatia tangawizi, mtoto akakohoa usiku kucha. Akatumia maji ya ukwaju, uji ukawa mchachu. Mwaka mzima ulipita hivyo. Nilikuwa nikipita kwake na kumkuta kainamia kikaango, macho mekundu kwa moshi, na nje watoto wa jirani wanaimba jina ambalo Salama alilitunga: Bi Shombo.

"Waache," aliniambia siku moja. "Nilimpa mwanangu jina baya zaidi."

Njia aliipata bila kuitafuta. Alikuwa anawakaangia kuku machicha ya nazi, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua tui, akachoka kuosha kikaango, akamwaga vidagaa humo humo juu ya mabaki. Harufu iliyopanda haikuwa ya shombo. Ilikuwa kama ya samaki wa nazi aliyekauka kidogo sufuriani, harufu ambayo kila mtu wa delta anaijua tangu utotoni. Tangu hapo akawa anatoa vichwa na matumbo ya vidagaa, anaviosha kwa maji ya mbirimbi, yale matunda machachu, anavianika kwenye chanja iliyoinuliwa visipate mchanga, kisha anavikaanga pamoja na machicha. Rukaya alimaliza bakuli. Akaomba tena.

Aliniletea kopo moja zahanati. Nilionja, nikainamia daftari langu, kwa sababu nilitaka kulia na mbele ya wagonjwa si vizuri.

Nilianza kuwaambia kina mama wenye watoto wa miezi sita na kuendelea waende kwa Bi Biasha. Wengine walikwenda. Watoto wanne niliokuwa nawapima kila mwezi, ambao utepe wa kupimia unene wa mkono ulikuwa unasimama kwenye njano, dalili ya utapiamlo, walipanda kwenye kijani ndani ya msimu mmoja. Siwezi kuapa kwamba ni uji tu. Lakini niliandika kwenye ripoti yangu, na ripoti ikasomwa na mtu.

Ndipo akaja Abdulrazaq. Alikuwa ofisa wa shirika moja la lishe, kijana mpole mwenye miwani, wa Kilwa kwa asili, aliyekuwa akivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikaa kwa Bi Biasha siku mbili, akaandika kila kitu. Wakamwita Kibiti kwenye maonyesho ya ubunifu wa chakula, wakampiga picha na kopo lake, wakampa cheti. Mwaka 2021 likaundwa kundi la wanawake kumi na mmoja, wakajengewa kikaushio cha jua: sanduku kubwa la mbao na nailoni angavu, na feni ndogo inayozungushwa na sola. Kulikuwa na fulana. Kulikuwa na vifungashio vyenye picha ya mtoto mnene ambaye hatumjui.

Salama hakujiunga. "Mradi huo," alisema kisimani, "mtaona."

Unga ulipelekwa maabara Dar es Salaam. Majibu yalipokuja Abdulrazaq aliyasoma mbele ya kundi, na hakuficha kitu. Lishe ilikuwa nzuri, kuliko hata walivyotarajia. Lakini unga ulikuwa na unyevu mwingi. Hewa ya delta ni ya maji. Unga ukikaa mwezi ndani ya kifungashio unaweza kuota ukungu, na ukungu mwingine ni sumu kwa mtoto.

"Kwa hiyo hatuwezi kuuza?" aliuliza Bi Biasha.

"Bado, mama. Lazima tukaushe zaidi. Na chumba cha kusindikia lazima kiwe na sakafu ya vigae, maji ya bomba, wavu madirishani. Bila hivyo hatupewi kibali."

"Maji ya bomba? Hapa Mbwera?"

Abdulrazaq alivua miwani akaifuta.

Walijaribu. Walikausha mara mbili, mara tatu, na kila masika ilipoingia unyevu ulirudi pale pale. Feni ikafa, fundi wa kuitengeneza yuko Dar. Nailoni ikachanika kwa upepo, wakashona, ikachanika tena. Wanawake walianza kupungua. Mmoja alifuata mume Mafia, mwingine alijifungua, wengine walisema wazi kuwa wamechoka kutwanga kitu ambacho hawaruhusiwi kukiuza. Kutoka kumi na mmoja wakabaki sita, kisha watatu, Bi Biasha akiwamo. Mwisho wa mwaka 2023 Abdulrazaq alikuja kwa boti peke yake, akavua viatu mlangoni, akasema muda wa mradi umekwisha.

"Wengine wangepiga simu," Bi Biasha alimwambia. "Umefanya vizuri kuja. Kula kwanza."

Siku chache baadaye alinijia zahanati, akakaa kwenye benchi baada ya wagonjwa kuondoka. Nilidhani kaja kwa presha. Nikamfunga kile kitambaa cha kupimia, nikapima, haikuwa mbaya.

"Nimechoka, nesi," alisema. "Siyo miguu. Mikono ndiyo, na kichwa. Kila nikimaliza jambo, kuna jingine nyuma yake limejipanga linanisubiri. Rukaya ananiuliza mama yake anakuja lini. Na hilo nalo sina jibu."

Sikuwa na dawa ya hayo. Nilimpa vidonge vya maumivu akaondoka.

Mwezi wa nne mwaka 2024 mto ulifurika. Waliokuwepo hawahitaji kusimuliwa, na ambaye hakuwepo nitamwambia moja tu: maji hayakuja kwa kishindo. Yalipanda kidogo kidogo, siku baada ya siku, huku mpunga umebakiza wiki chache uvunwe, na watu wamesimama kwenye madungu wakiutazama ukizama. Kikaushio kilielea kikaenda zake mikokoni. Nyumba ya Bi Biasha iliingia maji mpaka kiunoni. Ukuta wa jikoni ulianguka, kinu kikapatikana kwenye matope mbali na nyumba. Tulihamia shuleni, palipoinuka kidogo, mimi nikiwa na sanduku la dawa na daftari langu la kliniki kwenye mfuko wa nailoni. Msaada ulikuja, unga wa mahindi na maharage, na tulishukuru. Lakini watoto waliharisha, wakapungua, na utepe wangu ukaanza tena kusimama kwenye njano.

Maji yalipopungua Bi Biasha alirudi kwake na Rukaya, akafagia tope, akakaa. Wale wanawake wawili waliobaki walimfuata kumuuliza tunafanyaje. Aliwaambia yeye basi. Chenga hakuna kwa sababu mpunga hakuna, jiko hakuna, na yeye mwenyewe hayupo.

Nilikuwa pale siku Salama alipokuja. Alikuwa kambeba mjukuu wake mgongoni, mtoto wa miezi kumi na minne ambaye nilikuwa nimempima asubuhi yake, njano inayokaribia nyekundu. Alisimama uani bila kukaribishwa.

"Hodi, dada."

"Karibu," alijibu Bi Biasha bila kuinua uso.

"Sijaja kuomba unga. Najua huna. Nimekuja unifundishe."

Bi Biasha aliinua uso. Rukaya, wakati huo ana miaka saba, aliacha kuchezea tope.

"Unakumbuka ulichosema zahanati, Salama? Kuhusu mwanangu?"

"Nakumbuka." Salama alimweka mtoto sawa mgongoni. "Na wewe unakumbuka ulichosema?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini Bi Biasha aliitikia kwa kichwa, akasogea kwenye mkeka, akampisha mwenziwe. "Nakumbuka. Kaa. Mlete huyo mtoto nimwone."

Mimi ni mtoto wa Mohoro, na kwetu mafuriko yakiondoka watu hupanda mlau, kilimo cha kwenye tope bichi lililoachwa na mto. Unapanda mahindi, kunde, maboga, na kwa miezi mitatu unakula. Kule Mbwera mlau si mkubwa kama wetu, lakini mwaka ule tope lilikuwa kila mahali. Nilisema hivyo, kwa sauti ndogo, maana sikutaka kuonekana najua. Bi Biasha akafikiri. Alisema mahindi yakikaangwa yanaweza kushika nafasi ya chenga. Na mbegu za maboga zina mafuta, zitasaidia machicha yasipokuwepo.

"Lakini unyevu," nilimkumbusha. "Maabara walisema—"

"Maabara walisema unga ukikaa mwezi." Aliongea kama anayejisemea. "Na nani kasema lazima ukae mwezi? Tulitaka ukae kwa sababu tulitaka kuuza. Kama kila mtu anatwanga wa wiki yake tu, huo ukungu utaota saa ngapi?"

Hakuna aliyeshangilia. Salama alikuwa anamnywesha mtoto maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Bi Biasha aliegemea ukuta, akafumba macho. Mimi niliona kwamba miaka mitatu ya kikaushio, fulana na vigae ilikuwa imejibiwa pale juu ya mkeka, na aliyeijibu hakuwa hata na nguvu ya kufurahi.

Mlau ulipokomaa alimfundisha Salama. Vipimo vilikuwa vya kifuu cha nazi, kwa sababu kila nyumba inacho: vifuu vitatu vya mahindi au chenga, kimoja cha kunde, nusu ya vidagaa, nusu ya mbegu za maboga au machicha. Yeye alikaa, hakuinuka. Salama ndiye aliyekaanga, akatwanga, akachekecha, na alipokosea Bi Biasha alisema "unaunguza" na kunyamaza tena. Wiki iliyofuata walikuja wanawake wanne, halafu tisa. Hawakuwa kundi, hawakuwa na mwenyekiti. Kila mmoja aliondoka na unga wa siku saba na habari za kwenda kumwambia dada yake wa kijiji cha Salale. Mjukuu wa Salama alichukua miezi mitatu kufika kijani. Mtoto mwingine wa mtaa ule hakufika. Alizikwa mwezi wa tisa, na mama yake alikuwa ameanza uji wiki mbili tu kabla. Siwezi kusimulia maisha ya Bi Biasha nikamwacha mtoto yule. Bi Biasha hakula siku ile.

Zawadi alikuja mwezi wa kumi. Nyumba ya shangazi nayo ilikuwa imeharibiwa na maji, na alisikia kwa watu wa boti kwamba mama yake hayuko sawa. Alishuka na Saadi mkononi, mtoto wa miaka sita, mwenye afya. Nilikuwepo kwa bahati, nimepeleka vidonge, na wanawake waliokuja kutwanga walikuwa uani. Rukaya alijificha nyuma yangu, hakumjua.

Bi Biasha alijaribu kusimama, Zawadi akamzuia kwa mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Kisha, kabla hata hajamkaribisha: "Zawadi, nilikukosea. Nilikukosea mbele ya watu, na watu hawa hapa wasikie. Mtoto hakubemendwa. Alikuwa na njaa, na mimi ndiye nilikuwa napika."

Zawadi alitua mkoba wake chini. Alikuwa amenenepa kidogo, na uso wake umekuwa wa mtu mzima. "Nilipanga mengi ya kukwambia, mama. Njia nzima nilikuwa nayapanga." Akakaa kwenye mkeka. "Nimechoka kukukasirikia. Nimechoka tu."

Hawakukumbatiana. Zawadi aliuliza kama kuna chai, na mama yake akamwambia sukari iko kwenye kopo la bluu.

Zawadi alikaa mpaka mpunga wa msimu uliofuata ulipovunwa. Alilima, akaamia ndege, akajifunza ule unga, akatwanga na wenzake. Rukaya aliwazoea taratibu, kwanza Saadi, kisha mama yake. Na mavuno yalipokwisha Zawadi alisema anarudi Ikwiriri, ana kibanda chake cha kuuza chakula huko, na anamchukua binti yake akasome shule ya karibu na barabara.

Niliogopa kwenda siku ile. Nilikwenda kesho yake. Bi Biasha alikuwa amelala mkekani mchana, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Amekwenda?"

"Amekwenda. Mtoto ni wake." Alijifuta uso kwa upindo wa kanga. "Alilia bandarini. Nikamwambia asilie, nitakuja. Sijui kama nitakwenda, nesi. Boti inanitia kizunguzungu siku hizi."

Mwaka huu nimehamishwa tena, nimerudi Mohoro. Kliniki yangu mpya ina watoto wengi wa njano. Nilimpigia simu kupitia kwa Salama, nikamwomba aje awafundishe kina mama wa huku. Nilisema nitamtumia nauli, atalala kwangu.

"Siwezi," alisema. "Nimechoka, mwanangu. Waje wao."

Nilidhani hawatakwenda. Kutoka kwetu ni safari, na msimu wa kupalilia ulikuwa umeanza. Wakaenda saba, wawili wakiwa na watoto mgongoni. Walimkuta kalala, Salama akawaambia wangoje, wakangoja uani mpaka alasiri. Alipoamka aliwauliza nani kati yao amekula, akagundua hakuna, akaanza kuwasha moto.